Mama Yako Hakuandikwa Jina

Weston, Toronto
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu Paskalina,

Goti linasemaje? Kaka Safari aliniambia umerudi kulima mboga, nikamgombeza yeye, maana wewe hugombezeki. Huku tuko salama. Kazi ya kutunza wazee inaendelea, mgongo unalalamika lakini asubuhi unaamka. Neema wetu ametimiza miaka kumi na minne. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, halafu ananijibu kwa Kiingereza kana kwamba mgeni ndani ya nyumba ni mimi.

Nimekuandikia kwa mkono, na barua ataileta mke wa shemasi wetu anayekuja Bukavu, kwa sababu jambo hili si la simu. Mtandao ungekatika katikati nikabaki nimekuumiza nusu. Ulinituma kitu kimoja tu: jina la mama yako, ambaye Wazungu walikutoa mikononi mwake ukiwa na miaka mitatu wakakupeleka kwa masista wa misheni, ili nawe umwombee misa kwa jina kama watu wengine wanavyowaombea wazazi wao. Mwaka mzima nimehangaika nalo. Nimechoka, mama, na nimekasirika, acha niseme.

Vitabu vya ubatizo vya ile misheni vilipelekwa Ulaya. Anayevitunza ni mwanamke mmoja mzee anayejibu barua pepe kwa adabu mpaka unatamani akutukane. Nilimpa jina lako na misheni yako. Akaniuliza, aliandikwa kitabu kipi? Nikamwambia cha ubatizo, kwani kuna kingine? Kumbe kulikuwa na kitabu cha Wazungu na kitabu cha weusi. Padri yuleyule, maji yaleyale, vitabu viwili. Akatafuta kote kuwili, hukuonekana. Miezi ikapita. Ndipo akakumbuka daftari jembamba la tatu, la machotara, na humo ndimo ulimo.

Picha ya ukurasa niliifungua kazini, wakati wa mapumziko. Paskalina, chotara. Baba: hajulikani. Mtu mwenye shamba la kwinini kilima kizima, na pua yake ndiyo hii tuliyonayo mimi na Safari, eti hajulikani. Haya, hilo tulishalizoea. Lakini mama: mwanamke mweusi. Basi. Padri alipata wino wa kuandika kwamba wewe ni chotara, akakosa wino wa kuandika jina la aliyekuzaa. Siku ile nilimlisha mzee ninayemtunza uji bila hata kumsalimia, mpaka akaniuliza kama nimefiwa.

Nikaandika tena: nitafutie mama yake. Akajibu kwamba bila jina hawezi kutafuta. Yaani nimpe jina ndipo anitafutie jina. Niliifunga kompyuta kwa kishindo, Neema akatoka chumbani kuangalia kimeanguka nini.

Aliyenifumbua macho ni huyohuyo mke wa shemasi. Ni Mrundi, tunasali naye kanisa moja, Downsview, huku huku Toronto. Akaniambia, "Dada, unamtafuta bibi yako kwenye daftari la mtoto. Yeye naye alikuwa mtu. Zamani zile mpagani hapiti geti la masista. Kama alitaka kumwona mwanawe, alienda kujifunza katekisimu. Mtafute yeye mwenyewe, kwenye kitabu cha weusi." Niliona haya. Kwa kuwa wewe ni chotara, na mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kwa machotara tu, sawasawa na yule padri.

Nikamsihi yule mwanamke asome kitabu cha weusi ukurasa kwa ukurasa, kuanzia mwaka ule walipokuchukua. Alinung'unika, lakini alisoma. Juzi amenijibu.

Sasa mama, kaa kitako. Anaitwa Nabintu. Alibatizwa mtu mzima, wakampa jina la Veronika, baada ya miaka minne ya katekisimu, palepale misheni. Wewe ulikuwa na miaka minane, unalala bwenini. Pembeni padri ameandika kwa herufi ndogo: "Mama wa chotara Paskalina aliyeko kwa masista. Asiruhusiwe kumwona."

Masista walikuambia alikutupa. Umeishi na maneno hayo mpaka uzeeni, na sisi ukatulea nayo. Walikudanganya. Alikwenda pale miaka minne, akakariri maswali na majibu yao, akavaa msalaba wao, na bado wakamfungia geti. Ninawaka, mama, na sijui hasira hii nimpelekee nani, maana wote wameshakufa.

Nisalimie Safari na mkewe. Nisalimie shangazi wa sokoni, umwambie khanga alizotutumia, Neema amezigeuza mapazia. Paroko wenu wa sasa msalimie pia, yeye hana kosa.

Ukurasa nimeukunja humu ndani. Usiufungue ukiwa peke yako, mwite Safari akae karibu. Kisha, goti likikuruhusu, nenda parokiani ukaandikishe misa. Waambie waandike Veronika Nabintu, mama wa Paskalina, majina yake yote mawili, na usitoke pale mpaka umeona kwa macho yako wameandika.

Binti yako,
Furaha