Mgonjwa wa Uani

Jumamosi, 3 Mfungo Mosi
Mwasumini nimeumwagia maji ya kuoshea mchele. Majani matatu yamekauka tena. Idi imepita bila ua hata moja. Kwetu Bagamoyo asumini tulichuma kwa ungo, huku Dodoma naililia kikombe cha maji. Tawi lake mama alinifungia kwa kitambaa kibichi siku naondoka. Likifa, sina cha kwetu kilichobaki. Mume wangu, karani wa boma la Wadachi, asema miti ya pwani ibaki pwani. Na mimi je?

Jumatano, 7
Maji hutuletea Mama Ndahani, jirani yetu Mgogo. Hufukua mchanga wa korongo tangu alfajiri. Leo nimemwomba kibuyu cha pili. Kusema ni cha maua nikaona haya. Nikasema ni cha dawa, naumwa tumbo. Akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Mgonjwa hanyimwi maji."
Chote kimekwenda shinani.

Alhamisi, 15
Vitumba! Kumi na kimoja. Nimecheka peke yangu kama punguani. Kibuyu cha pili kinakuja kila siku. Mama Ndahani amekonda. Sikumuuliza.

Jumapili, 18
Alasiri nimechuma vitumba, nimefunga kikuba, nimekichomeka nyweleni. Magharibi vikafunguka, ua mzima ukanukia. Mume wangu kavuta kiti karibu. Nimefurahi, nisiseme uongo.

Jumatatu, 19
Harufu imenichongea. Mama Ndahani aliifuata mpaka uani, kibuyu kichwani. Akaona udongo umelowa. Akaona nywele zangu.
"Kumbe mgonjwa ndiye huyu."
Hakupandisha sauti. Akasema kibuyu cha pili kilikuwa cha ndama wake. Ndama kafa juzi. Akatua maji, akaenda zake.
Nimemwongopea mtu aliyeniita mwanangu. Heri angenitukana.

Jumanne, 20
Hakuja.

Jumatano, 21
Nimekwenda korongoni mwenyewe. Kucha mbili zimekatika. Wanawake wakanipisha, wakainamia vibuyu vyao. Kibuyu nimekitua mlangoni kwa Mama Ndahani, nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa, mama." Ndani nilisikia kinu kikilia, kikanyamaza. Nikaomba radhi nikiutazama mlango. Kinu kikaendelea.

Alhamisi, 22
Asubuhi nimekikuta kibuyu kizingitini kwangu. Kimejaa vilevile, halikupungua tone.
Mwasumini umeanza kusinyaa. Maji yapo. Mkono hauendi.