Mbao za Nyumba ya Mama

Mtaa wa Waunda Meli,
Siku ya tatu, mwezi wa mvua.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko ugenini? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi tunasukuma siku. Mama anakohoa, lakini ulimi wake bado ni ule ule.

Uliuliza kama ni kweli kaka yetu amekuwa Bwana wa Bahari. Ni kweli. Yule aliyerithi cheo kitupu cha babu na meli moja inayovuja, leo ana meli arobaini, na mfalme mwenyewe humsubiri sebuleni.

Bahari yetu unaijua: haimezi meli yenye ubao wa nyumba alimozaliwa mwenye meli, mradi yeye au mama yake bado anaishi humo. Basi kila akiunda meli, kaka anakuja kung'oa. Alianza na rafu za vyombo, zikafuata ngazi, milango, mwisho dari na mbao za paa. Sasa mvua inamnyeshea Mama kitandani.

Nilimchukia, sikufichi. Ana kasri zima, na hajawahi kumwambia Mama, “Njoo.” Kumbe aliogopa. Mama akihama, zile mbao zinakuwa kuni tu, na mabaharia wote wanazama.

Juzi kikohozi kilipozidi, nilimfuata huko huko kasrini, nikamwambia mbele ya wageni wake aziite meli zake, namhamishia Mama kwangu. Akasema ya mwisho itarudi baada ya miezi mitano. Nikamjibu mapafu ya Mama hayana miezi mitano. Nilirudi kwa Mama nikilia njia nzima.

Kesho yake nasikia watu wanacheka barabarani. Kutoka nje, lo! Bwana wa Bahari kajitwika godoro, joho la hariri linaburura tope. Akasema, “Mchukue Mama. Nitaishi humu mimi.” Mfalme kanuna, hawezi kuja kumsubiri kwenye gofu. Kaka hakujali.

Nikafunga virago, nikaita mkokoteni. Mama wala hakuinuka. Alikuwa akimtazama mwanawe juu ya ukuta, anaziba paa kwa lile joho.

Msalimie wifi, wabusu wanao. Shangazi anakusalimu sana. Mola akufunike popote ulipo.

Nilimsihi Mama mpaka sauti ikakauka, mdogo wangu. Akaniambia, “Mwanangu karudi nyumbani leo, halafu mimi niende wapi?”

Dada yako akupendaye.