Viatu vya Kambale

Bénite ndugu yangu, wacha kazi usome hii.

Mutoto wangu Kakule ametoka ku masomo. Leo mwalimu wake wa mwaka wa tano aliomba kila mutoto ataje bandugu zake kwa mulongo, vile siye Banande tunapanaka majina kufuatana na kuzaliwa.

Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Akasimama mbele yangu, sac ya masomo bado mu mugongo. «Mama, Paluku ni wa kwanza. Kasereka wa tatu. Miye wa ine. Wa pili, Kambale, iko wapi?»

Kambale iko wapi! Hivyo tu, kama mutu anauliza chumvi.

Weye unajua, miye na papa yake hatukusemaka ile jina tangu tulitoka Beni. Tulificha mutoto, lakini hesabu ya majina tuliiacha ikaendelea.

Nikajibu: «Alibakia Beni.»

Bénite, ndiyo nilisema vile. Alibakia Beni.

Akafurahi! Akakimbia kuleta viatu vya Kasereka, ati tumutumie kaka yake. Kisha akasimama, akafikiri. «Hapana, mama. Kambale anamupita Kasereka na myaka. Hivi vitamukaza.» Akavirudisha, akaleta vya Paluku.

Sasa iko pa mulango, anavipangusa na kitambaa cha maji. Anaimba. Miye nimeikala tu pa kinu.

Weye ndiye ulimuvalisha Kambale siku tulimuzika. Alikuwa bado hajue kutembea. Hakuvaaka kiatu hata siku moja.