Mjomba, Nimepakata Mayai Tena

Mjomba wangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa kibarazani kwangu, Mutsamudu, nimekaa kwenye kiti cha bembea na kupakata trei ya mayai. Usicheke kwanza. Wiki nzima sasa, kila baada ya sala ya alasiri, nakaa hapa najibembeza mbele na nyuma, najizoeza bahari. Majirani wanaopita kwenda Mirontsy wanapunguza mwendo ili wanione vizuri. Jana mmoja wao alimuuliza mke wangu Zaituni kama nimeanza kuatamia. Zaituni akamjibu kwamba na yeye anasubiri vifaranga.

Mambo yenyewe ni haya. Binti yetu, yule uliyempa jina la mama yako, anafanya kazi Réunion siku hizi, na ametukatia tiketi za meli ya kitalii. Siyo boti, mjomba, ni meli yenye bwawa la kuogelea ndani yake, kana kwamba maji ya nje hayatoshi. Tutaruka mpaka kwake kwa ndege, kisha meli itatuzungusha Madagaska na Morisi, tukila na kulala humo humo. Zaituni ameshashona magauni na kununua miwani ya jua ambayo anaivaa hata akipika. Mimi nilikuwa nimeitegemea viza initetee. Viza huwanyima wanaoitaka kwa machozi, nikajua mimi nisiyeitaka sitaipata kamwe. Imetoka, tena mapema.

Watu wa mji huu wana hadithi yao kunihusu. Wanasema, tazameni yule Mngazija wa Moroni, alikuja kuoa wakati visiwa vinagombana, akaupenda mji asitoke tena. Na kwa kuwa kwetu mwanamume ndiye anayehamia nyumbani kwa mke, hakuna aliyeona ajabu nilipobaki. Wewe peke yako uliijua sababu ya pili. Nilibaki kwa mapenzi, ndiyo, lakini pia nilibaki kwa sababu kurudi Moroni kulitaka boti. Ndege zilipoanza tena ndipo ukaniona mlangoni kwako, ukaniuliza kama nimekuja kwa miguu.

Ninakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyorudi nayo kutoka Zanzibar pamoja na cherehani yako, ambayo sisi wawili tuliitumia kusengenya watu wakiwa wamekaa karibu yetu. Tangu ulipotutoka sina wa kusengenya naye.

Nakumbuka siku ujumbe ulipotufikia. Ndzuani, kisiwa hiki cha kina Zaituni, ilikuwa imetangaza kujitenga, bunduki zimejaa bandarini Mutsamudu, simu hazishiki, na vikwazo vimewekwa ili hata unga usivuke. Posa yangu ilikuwa imekwisha kukubaliwa kabla ya hayo yote. Kaka zake Zaituni wakaanza kusema ndoa ingoje mpaka nchi itulie, na huyo bwana harusi wa Moroni akae kwao kwanza. Mimi nilikuwa tayari kungoja. Wewe ulikuwa unatia uzi kwenye sindano, hukuinua hata kichwa. "Nchi ikitulia, wewe utakuwa huna meno," ukasema.

Ndipo akaja msafiri mmoja na salamu za mama mkwe. Hakusema njooni wala msije. Alisema kwamba nguo ziko, dhahabu iko, ila mji mzima hauna mayai ya kuokea keki, na harusi isiyo na keki ni kikao tu. Ukacheka mpaka ukaivua miwani. "Huyu mama ametualika," ukaniambia. "Anayeagiza mayai anataka harusi."

Tukaenda soko la Volo Volo, ukawachosha wauzaji. Uliinua kila yai ukalitazama juani, ukalitikisa sikioni, ukauliza habari za kuku aliyelitaga. Trei zikafungwa kwa vipande vya kitambaa cha kanzu, mafundo yako yale madogo madogo ambayo hayafunguki ila kwa meno. Kisha ukanifundisha maandalizi ya safari. Nisipande na tumbo tupu wala tumbo lililojaa. Niwe na limau la kunusa na tangawizi mbichi ya kutafuna. Nikae katikati ya boti, nisitazame chini, nitazame mlima wa Karthala mpaka upotee, kisha nitazame mahali ulipopotelea. Nikaahidi yote, nami nilijua ninaahidi uongo, kwa kuwa bahari hunilevya hata nikiiona kwenye picha.

Tuliondoka alfajiri, kwenye boti ya mizigo ambayo mwenyewe hakupenda kuulizwa inakwenda wapi. Kabla hatujaupita ukingo wa bandari nilikuwa nimelinusa lile limau mpaka likaisha harufu. Ukaniwekea trei mapajani. "Shika. Mtu mwenye mayai mapajani hana nafasi ya kufikiria tumbo lake." Nilishika. Tumbo langu, mjomba, halikuwa limesikia habari hiyo.

Nilitapika chai, nikatapika mkate wa asubuhi ile, nikatapika vitu ambavyo sikukumbuka kuvila. Kila wimbi lilipotuinua, mkono mmoja ulikimbilia ukuta wa boti na mwingine ukabaki kwenye trei, nayo ikayumba. Hapo ukanisogelea, ukanikamata kanzu kwa nyuma kama mtu anavyomkamata mbuzi asiruke uzio. "Mshika mawili moja humponyoka," ukaniambia. "Wewe shika mayai. Mimi nitakushika wewe."

Ndivyo tulivyosafiri. Nilikuwa nikiinama nje ya boti kutapika, mikono yote miwili nimeinyoosha juu na mayai, na wewe umening'ang'ania mgongoni huku unanisimulia habari za wateja wako wanene. Ukanieleza juu ya yule aliyedai kanzu yake imerudi ndogo kutoka kwa dobi, kumbe ni yeye aliyerudi mkubwa kutoka harusini. Nilicheka na kutapika kwa pamoja, jambo ambalo simtakii adui yangu. Nilikuuliza kama wewe hujisikii vibaya. Ulisema bahari na wewe mmeheshimiana tangu utoto, kisha ukageuka upande mwingine ukainama kitambo, na ulipogeuka tena macho yalikuwa mekundu. Nilijua, mjomba. Sikusema kwa sababu ulikuwa umenishika.

Mutsamudu tuliifikia jua likiwa limeanza kulegea. Gatini palikuwa na vijana wenye bunduki, na mmoja wao akatuelekea kwa uso wa kutisha. Ila alipokuona, mzee mwenye kofia na mvi, ulimi ukamtangulia akakuamkia, "Kwezi." Nawe ukamjibu "Mbona," kama inavyojibiwa kila siku, visiwa vyote. Kisha akakumbuka bunduki yake, akakunja uso upya.

"Mnatoka Moroni? Mmetumwa na nani?"

"Na mama mkwe," ukasema.

"Huyu ni nani?"

Mimi nilikuwa nimepiga magoti ukingoni mwa gati, nakirudishia kisiwa chao salamu za mwisho za tumbo langu, mayai yakiwa juu ya kichwa. Ukanionyesha kwa mkono, taratibu, kama unayeonyesha kitambaa cha bei.

"Ni bwana harusi. Mtazame vizuri, mwanangu. Wewe unadhani ni mpelelezi? Moroni wakitaka kumtuma mpelelezi, si watamtuma anayeweza kusimama?"

Yule kijana alijikaza. Alijikaza kweli, nilimwona midomo ikitetemeka. Mwenzake wa nyuma akashindwa, akacheka, na kicheko kikapita kwa wote mpaka yule wa kwanza akaegemea bunduki yake kama fimbo. Akachomoa yai moja kati ya vitambaa, akalitikisa sikioni, wewe ukamwambia, "Taratibu, hilo ni la keki utakayokula Ijumaa." Akalirudisha mahali pake kwa vidole viwili. Na kweli Ijumaa alikuja, akala, akamuulizia "yule mzee wa kanzu."

Hayo tunayajua wote wawili. Ninalotaka kukuambia leo ni lile ambalo mimi mwenyewe nimelijua juzi.

Juzi usiku nilimwambia Zaituni kwamba siendi. Nilimwambia aende na binti yake, mimi nilinde nyumba. Nilisema maneno mengi ya busara juu ya umri na shinikizo la damu. Alikuwa anakunja nguo, akaacha. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu. Akaniambia, "Miaka yote hii mimi nimekuwa nikitazama meli zikija na kuondoka hapa mbele ya mji wetu, na sijawahi kupanda hata moja, kwa sababu mume wangu anatapika. Sasa nimezeeka. Usiponipeleka safari hii, sitapelekwa tena."

 Nikasema tu kwamba nitamtia aibu mbele ya wageni, kwamba hajui mimi huwa vipi baharini.

"Najua," akasema. "Nilikuona."

Mjomba, alikuwa juu ya paa la shangazi yake siku ile, liwa usoni, shuka la shiromani kichwani, pamoja na wanawake wengine, wakiangalia gatini. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amemwambia mama yake kwamba kaka zake wana haki, ndoa isubiri, maana aliogopa kuolewa na mtu wa Moroni wakati watu wa Moroni na watu wa Mutsamudu wanawindana. Kulikuwa na mtu mlangoni, viatu miguuni, tayari kuja kutuambia turudi na boti ile ile. Turudi, mjomba! Mimi na lile tumbo!

Kisha akaniona nimepiga magoti. "Nikasema moyoni, huyu hana nguvu hata ya kujifuta mdomo," akaniambia. "Kanzu yake imeharibika yote, lakini mayai ya mama yangu ameyaweka juu kuliko kichwa chake. Nikamwambia mama, waache wapande mjini." Akarudia kukunja nguo zake kana kwamba amenieleza bei ya nyanya.

Mimi miaka yote nilidhani ni maneno yako yaliyotupitisha pale gatini. Nilidhani tumbo langu lilinitia aibu siku iliyokuwa ya heshima yangu. Kumbe ni hilo tumbo, na ni hizo trei ulizonipa kwa hila, ndizo zilizoniozesha. Nakukumbuka, mjomba. Nilitaka nikupigie simu usiku ule ule, nikusikie ukicheka mpaka uivue miwani, na nimelia kidogo kwa sababu haiwezekani. Kisha nimecheka kwa niaba yako.

Basi nakwenda. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Binti ametuchagulia chumba cha chini, katikati ya meli, mahali ambapo anasema mawimbi hayaingii sana, na ananitumia ujumbe wa sauti kila asubuhi kunikumbusha vidonge, ambavyo humezwa kabla ya kupanda na siyo baada ya kujuta. Limau nimeweka. Tangawizi nimeweka. Kwa kuwa Karthala haitakuwepo, nitatazama mahali popote palipotulia.

Tatizo lilibaki mayai. Binti anasema hawaruhusu abiria kupanda na trei ya mayai mabichi, na tena amesema tafadhali baba nisiwaulize. Nikamwambia Zaituni, sasa mimi nitapakata nini? Akavua miwani yake ya jua, akaiweka ndani ya mkoba wake mzuri, ule wa harusini, pamoja na pafyumu yake na kioo chake, akaufunga, akanipa.

"Shika huu usivunjike," akasema. "Mimi nitakushika wewe."

Sikuwahi kumsimulia maneno yako yale, mjomba. Namna alivyoyajua, mnajua wenyewe, wewe na yeye.

Sasa ameichukua trei mapajani mwangu, amesema mazoezi yamekwisha, na nasikia mafuta yakilia jikoni. Mungu akupe mapumziko mema huko uliko, kusiko na mawimbi, na akikuruhusu, siku ya kupanda meli njoo kidogo utushike wote wawili.

Mpwa wako,
ambaye kanzu yake ina mkunjo wa mkono wako mgongoni hadi leo