Keki ya Doto Imetoka Uji, na Kulwa Haji Nyumbani

Mpendwa mshauri Naila, mwangaluka, kama tunavyosalimiana sisi Wasukuma. Naomba msaada wako, ila kwanza nikusalimie vizuri. Hapa nyumbani Bariadi tupo, mzee wangu Marcelo yupo, goti linamsumbua wakati huu wa kuchuma pamba lakini anatembea, mama mkwe Ng'washi yupo, macho yamepungua ila chakula anamaliza, mdogo wangu Gloria yupo na mtoto wake mchanga, wote wanakusalimia, na mwanangu Kulwa yupo Lamadi anasuka nywele saluni, huyo sijui kama hajambo, ndiyo maana nimeshika kalamu mimi niliyeishia darasa la nne.

Kulwa ni pacha, mshauri. Mwenzake Doto alifariki mwaka jana mwezi wa kumi, homa ya siku nne tu, tukazika. Doto alikuwa mpishi kwenye hoteli ya watalii hukohuko Lamadi, akajifunza keki ya chizi, yaani jibini, ile wanayoioka kopo likiwa limekaa ndani ya sinia lenye maji ya moto, na kila siku yao ya kuzaliwa alikuja kutuokea, baba yao akimtania, "Keki ya chizi! Chizi nani, mlaji au mpikaji?" tunacheka mpaka bibi anatoka na fimbo kuuliza kuna nini.

Sasa mwaka huu siku ilipofika nikasema Kulwa asikose keki, nikaagiza ile chizi laini Mwanza, ikaja na basi kwenye barafu, nikatoa oveni ya Doto na daftari lake nikafuata neno kwa neno, ameandika, "Maji ya moto mpaka nusu ya kopo. Saa moja, itoe. Katikati itatikisika, usiogope." Nikaiweka saa kumi na mbili na nusu jioni watu wakianza kufika, redio iliposema saa moja kamili nikaitoa, ikatikisika yote, sikuogopa, nikaikata mbele ya watu ikamwagika mezani.

Kulwa akasema taratibu, "Mama, huu ni uji. Si ungeniita tusaidiane?" Nami aibu imenishika, mshauri, neno likanitoka, nikasema, "Nikuite wewe ambaye chapati tu zinakushinda? Angebaki Doto tusingeaibika hivi." Marcelo akasema, "Mama Kulwa!" Kulwa akaweka kijiko chini, akachukua pochi yake, akasema, "Haya mama," akaondoka. Wiki ya tatu hii hajaja, nikipiga simu anasema, "Niko na mteja, mama," anakata.

Nataka nioke tena nimpelekee Lamadi ili moyo wake urudi, lakini sijui nilikosea wapi, kama maji yalikuwa machache, au ni oveni, au Doto hataki keki yake iguswe kama anavyosema mama mkwe. Nijibu upesi, mshauri, hata mistari miwili, kabla mtoto hajazoea kuishi bila mimi.

Mama Kulwa, Bariadi

Mama Kulwa,

Pole, mama yangu. Pole ya msiba, maana naona bado mko ndani yake.

Tuanze na keki ili iishe. Doto hakukasirika na oveni haina kosa. "Saa moja" ya daftarini ni muda, siyo saa ya ukutani. Alitaka keki ikae motoni dakika sitini, wewe umeipa thelathini. Na kinachotikisika ni katikati tu, pembeni pawe pameshika. Ikitoka ipoe, ilale kwenye friji, ikatwe kesho yake. Umeelewa? Sasa funga daftari, maana kilichomwondoa Kulwa siyo uji.

Keki umeniandikia ukurasa mzima, lile neno ukalipita haraka kama mtu anayepita mbele ya mbwa mkali. Mimi nitasimama hapo. Ulimwambia mtoto aliye hai kwamba aliyepaswa kubaki siye yeye. Najua hukumaanisha. Yeye atajuaje? Toka tumboni hajawahi kuwa peke yake, na ile ilikuwa siku yake ya kwanza ya kuzaliwa bila mwenzake. Wewe umefiwa na mtoto, yeye kafiwa na pacha, nani alimpa pole? Alisema "tusaidiane", mama. Alikuwa anaomba nafasi jikoni kwako, ukamfukuza. Kosa ni lako, usimsingizie Doto wala aibu ya wageni.

Keki usipeleke. Ukibeba keki ya Doto utakuwa unamwambia tena lilelile. Simu nazo acha. Jumanne asubuhi panda gari uende Lamadi, mwache Marcelo na pamba yake. Ingia saluni, vua kitambaa, kaa kitini kama wanawake wengine, mwambie akusuke. Usiangue kilio akaacha uchungu wake kukubembeleza wewe. Mwambie, "Kulwa, nilikosea. Sikuwahi kutamani abaki mwingine badala yako. Nakutaka wewe." Usiongeze "lakini". Akijibu kwa ukali, meza. Akinyamaza, kaa hapohapo mpaka amalize kichwa chote.