Testi Iliyofutwa

Bigwa, Jumapili

Kaka Castory,

Shikamoo. Mvua haijakatika huku, migomba imelala. Mama bado anakohoa, ila anakula.

Jana niliendesha testi za kukagua ile programu yetu ya kompyuta ya kurithisha mashamba ya ukoo. Zote arobaini zilipita. Nikashtuka, maana niliandika arobaini na moja. Iliyokosekana ni ile inayohakikisha kwamba kwetu Waluguru shamba hufuata upande wa mama, kupitia kwa mabinti. Uliifuta wewe, jina lako lipo kwenye kumbukumbu za mabadiliko, na tarehe ni siku uliyolala hapa.

Nimeirudisha. Imefeli, kwa sababu programu sasa inawapa wanao shamba la mama, si wanangu mimi binti yake.

Mama anawasimulia majirani jinsi ulivyokuja kumuuguza. Sijamwambia ulichokuja kufanya.

Mdogo wako,
Hosiana