Koroboi ya Musyoka

Baba yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na mimi sijui nikuulizeje hali huko ulipo. Basi nitakupa ya huku. Hapa mjini Wote kuna joto lile lile, Mama yuko Mukuyuni na amekataa katakata kuhamia kwangu, na duka lako bado limefungwa kwa ile kufuli ambayo ni wewe tu uliyejua kuibembeleza. Lakini hayo Mama angeweza kukuambia mwenyewe, maana bado anaongea na wewe akipika. Mimi nimekuandikia kwa sababu ya Musyoka.

Unakumbuka kompyuta ilivyofika nyumbani? Shule moja ilikuwa inatupa vyombo vyake vibovu, na wewe, fundi wa redio, hukuwahi kuona kitu kibovu ukakipita. Ulikuja umeikumbatia kifuani na Mama akauliza kama hiyo ndiyo tutakayokula. Ukaifungua, ukapuliza vumbi, ukahangaika na nyaya zake jioni baada ya jioni, na ilipowaka tulikuta ndani mchezo mmoja tu. Kibodi ilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Kitufe cha kona ya juu kushoto hakikuwepo kabisa, palikuwa na shimo. Ukasema vilivyobaki vinatosha, na mimi nikakuamini kwa sababu nilikuwa nakuamini kwa kila kitu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mtu aliyefungwa chini ya ngome bila kosa. Ilibidi apande ghorofa baada ya ghorofa, aruke mashimo, akwepe walinzi na miiba ya chuma, hadi lango la juu kabisa. Alipewa saa moja. Pembeni mwa skrini palichorwa taa ndogo ya mafuta, tukaiita koroboi, na mafuta yakiisha ni giza, mtu wetu anarudi shimoni kuanza upya. Hakukuwa na kusimama njiani. Ndivyo tulivyojua.

Ulinipa saa yangu ukishafunga duka, wewe ukimalizia redio za watu pale mezani. Na kila nikikaribia ghorofa za juu, Mama alileta sahani za muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, na wewe ukaweka chini vyombo vyako na kusema tuombe. Baba, maombi yako! Uliwaombea wagonjwa wote wa kanisa kwa majina, halafu jamaa zetu wa Kanyangi na mahindi yao, halafu walioko safarini barabara ya Mombasa, halafu wenye redio ambazo ulikuwa hujazitengeneza, ili Mungu awape subira. Mimi nilikuwa nimesimama nimefumba macho huku koroboi ikinywa mafuta. Nilikuwa nakupenda sana na nilitamani sana ufike kwenye amina.

Jioni moja ulinikamata nimefungua jicho moja. Nilijua mchezo umekwisha, maana kanisani tulishaonywa kuhusu mambo ya dunia. Badala yake ulivuta kiti, ukataka kujua huyo mtu ni nani na kwa nini ana haraka hivyo. Nikakueleza. Ukauliza kama kweli hana kosa. Nikasema hana. Ukauliza anaitwa nani, na nilipokwambia hana jina ulisikitika kabisa.

"Sasa tutamwombea namna gani kama hana jina?" ulisema. "Huyu ni Musyoka, yule anayerudi. Lazima atarudi kwao."

Kesho yake, baada ya wagonjwa na kabla ya mahindi ya Kanyangi, nikasikia ukimwomba Mungu amfungulie milango Musyoka aliye shimoni. Mama alicheka hadi akashindwa kuitikia. Kuanzia hapo Musyoka alikuwa wa nyumba yetu. Uliacha redio za watu ukaja kukaa nyuma ya bega langu, ukinihimiza niruke, ukimkemea mlinzi kwa Kikamba, ukiniuliza kama kijana hajachoka. Lakini ikifika saa ya chakula uliomba vile vile, bila kupunguza hata mgonjwa mmoja, na Musyoka hakuwahi kufika langoni. Kisha kompyuta ikafa kifo ambacho hata wewe hukukiweza, nami nikaenda sekondari.

Ulipougua wakakuleta hospitali hapa Wote, nikashukuru kwamba ni karibu na kwangu. Nilikuja kila saa ya kuona wagonjwa, na kila mara uliniombea kabla kengele haijatufukuza. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Maombi yalikuwa yanapungua. Kwanza waliondoka wasafiri, halafu mahindi, halafu hata wagonjwa wenzako wa wodi. Mimi niliyekuwa nikiomba ufupishe, sasa nilisimama pale nikitamani uongeze jina moja tu. Siku ile ya mwisho ulisema tu, Bwana, wewe unajua, ukafungua macho.

"Musyoka alitoka?" ukaniuliza.

"Bado, Baba."

"Mtoe. Usimwache huko."

Nilicheka ili usinione nikilia. Lakini nilikuahidi, na ahadi hiyo ndiyo iliyonitesa tangu tukuzike.

Nimeutafuta mchezo huo nikaupata, nikauweka kwenye kompyuta yangu. Jumamosi mchana nilikaa nao. Nikiwa katikati, maharagwe yakaanza kuungua jikoni, na katika kuinuka kwa pupa kidole kikagusa kitufe cha kona ya juu kushoto. Koroboi ikasimama. Musyoka akasimama, mguu mmoja hewani, akaningoja.

Baba, lile shimo letu. Miaka yote ile mchezo ulikuwa unaweza kusimamishwa, ila sisi hatukuwa na kitufe. Nilikasirika, nikacheka, nikaacha maharagwe yaungue. Halafu nikafikiri, kama tungekuwa nacho ningefumba macho yote mawili kama mtoto mzuri, na wewe usingejua kuna kijana shimoni wa kuombewa.

Nikaendelea. Niliona lango kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ng'ambo ya shimo la mwisho, na koroboi imebaki na tone. Kitufe kilikuwa hapo, kizima. Sikukigusa. Niliondoa mikono, nikasimama, nikaomba kama ulivyoomba, nikianza na wagonjwa kwa majina, na ulimi ukakutaja wewe kabla sijauzuia. Nikakwama hapo. Hupo tena kwa wagonjwa, Baba. Sikujua nikuweke wapi, kwa hiyo nikakuweka kwa walioko safarini, nikasema amina.

Koroboi ilikuwa bado inawaka. Nikaruka.

Musyoka ametoka, Baba. Nimeandika kukwambia hilo tu. Pumzika sasa.

Ni mimi binti yako,
Ndinda